Naogopa maandishi yangu yasiibiwe mtandaoni: je, hofu hii ni upungufu wa imani?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni msichana wa mtaa wa Langoni, Amu (Lamu). Tangu niko shule natunga mashairi na hadithi fupi. Nina madaftari matatu, na mengine yamo kwenye simu. Mwaka jana nilimtungia binti ami yangu shairi la harusi nikalituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Haikupita miezi miwili nikalisikia likisomwa kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi, ya watu wengine, na msomaji akapigiwa vigelegele kuwa ndiye mtungaji. Nilirudi nyumbani nikalia. Tangu siku hiyo sijamwonyesha mtu hata ubeti mmoja. Rafiki zangu wananihimiza niweke hadithi zangu mtandaoni, lakini kila nikitaka kubonyeza, mkono unakataa. Je, hofu hii ni upungufu wa imani? Nikiyaficha nitakuwa nimeficha elimu? Na huyo aliyechukua, hukumu yake ni nini?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Alhamdulillahi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Nianze na hofu, maana ndiyo iliyokufunga mkono. Kuogopa kupoteza kitu ulichokitolea jasho si upungufu wa imani. Nabii Yaqub (A.S.) alipoombwa na wanawe wamchukue Yusuf wakacheze naye, alisema wazi kwamba kumchukua kunamhuzunisha, na kwamba anaogopa asije akaliwa na mbwa mwitu. Huyo ni Nabii, na neno “naogopa” limo katika Qur’ani kwa ulimi wake. Kisha tazama: aliogopa, na bado alimwachia mtoto aende. Na madhara hayakutoka kwa mbwa mwitu aliyemdhania. Yalitoka kwa ndugu, watu wa nyumba moja. Nawe shairi lako halikupotelea kwa mgeni wa mbali, lilipotelea kwenye kundi la ukoo. Nasema haya ili uone kwamba kufunga mlango wa mtandao peke yake hakukulindi, wala si kwamba nakutaka uwachukie jamaa zako.

Miaka mingi baadaye Yaqub huyo huyo aliwaaga wanawe waliokuwa wakienda Misri, akawaambia wasiingie kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali. Papo hapo akaongeza kwamba yeye hawezi kuwazuilia chochote kitokacho kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba kwake Yeye ndiko anakotegemea. Mambo hayo mawili yamo katika aya moja, ya 67 ya Suratu Yusuf. Hadhari haikumtoa kwenye tawakkul. Hofu inayokufanya uchukue hadhari kisha uendelee ni hofu ya watu wema. Inayokukalisha kitako mwaka mzima, hiyo tusiipe jina la busara.

Ama hukumu ya aliyelichukua shairi akajinasibishia, hiyo haina giza. Ni haramu, tena kwa njia mbili. Kwanza amekula haki ya mwenziwe, na Mwenyezi Mungu ametukataza kuliana mali zetu kwa batili. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait Desemba 1988, lilipitisha kwamba haki ya utunzi ni haki inayolindwa na sharia, ina thamani ya mali, wala haifai kuivamia. Pili amesema uongo. Mtume (S.A.W.) alisema, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Asma binti Abi Bakr, kwamba mwenye kujionyesha ameshiba kwa kitu asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Na katika Suratu Aal Imran, aya ya 188, wametahadharishwa vikali wale wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Vigelegele vile vya kupamba havikuwa vyake.

Nimesikia vijana wakisema kwamba mwizi wa namna hii akatwe mkono. Hapana. Hadi ya wizi, yaani adhabu iliyowekwa na sharia, ina masharti yake mazito, na shairi lililotumwa kwa watu halimo. Kinachomlazimu ni toba, na toba ya haki ya mja haitimii mpaka haki irudi kwa mwenyewe. Hapa kurudi kwake ni aseme mbele ya watu wale wale aliowahadaa kwamba utunzi si wake.

Wanazuoni wetu waliliona jambo hili zamani kabla ya simu. Imamu Jalaluddin as-Suyuti, katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 911 Hijria, aliandika risala mahsusi kupambanua mtunzi na mwizi. Na Abdullah ibn al-Mubarak alisema neno ambalo Imamu Muslim amelitia mwanzoni mwa kitabu chake: isnadi, yaani kutaja neno limepokewa kutoka kwa nani, ni katika dini, na lau si isnadi angesema atakaye alitakalo.

Neno hili la isnadi nililisoma nikiwa kijana, lakini maana yake niliipata kwa machungu. Niliwahi kuandika maelezo ya mirathi kwa lugha nyepesi, kurasa chache tu, nikatoa nakala nikawagawia watu bure. Baada ya muda nikaletewa kijitabu kilichopigwa chapa, jalada zuri la kijani, na juu yake jina la mtu mwingine. Nikakifungua kwenye mfano wa marehemu aliyeacha mke, mama na mabinti wawili. Katika nakala zangu za mwanzo kalamu iliteleza: niliandika mke apewe robo, na haki yake, maadamu marehemu ana watoto, ni thumuni. Nakala zilizokuwa bado mkononi mwangu nilizisahihisha moja moja kwa wino mwekundu. Ndani ya kile kijitabu, “robo” ilikuwa pale pale, imepigwa chapa kwa herufi nzito.

Sikulala usiku ule. Mwanzo nilikasirika kwa ajili ya jina langu, sitakuficha. Lakini kadiri nilivyokaa nalo, kilichoniumiza kilikuwa kile “robo”. Msomaji akiona hesabu haitimii atamuuliza nani? Jina lililo juu ya jalada halijui kosa liliingiaje. Ndipo nikaelewa kwamba jina la mtunzi juu ya kazi yake si majivuno. Ni mahali pa kuulizia. Anayeling’oa amewanyang’anya wasomaji wote mlango wa kubisha hodi, zaidi ya alivyoninyang’anya mimi.

Kisha nikafanya kosa langu mimi. Niliapa moyoni kwamba sitaandika tena cha kugawa, na nikakaa hivyo miaka miwili. Mwalimu wangu aliyenifundisha mirathi alikuwa hai wakati huo. Nilikuwa nimekusudia kukaa naye baada ya alasiri niyanukuu masuala yake, namna alivyokuwa akigawa mafungu kwa kokwa za tende juu ya mkeka, kokwa ishirini na nne, akizisukuma kwa kidole. Nikasema ya nini, wataiba. Akafariki. Yule wa kijitabu alichukua kurasa zangu chache, na nakala zake bado ziko kwangu. Yale ya mwalimu wangu yamekwenda naye, na aliyesababisha ni mimi.

Basi nakuusia ufanye walivyofanya watunzi wa pwani hii. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyezaliwa Pate, alimtungia binti yake utendi mwaka 1275 Hijria, yaani 1858. Mwishoni ametia jina lake na alikozaliwa, ametaja mwaka, na amehesabu beti zake: mia na mbili. Angeufungia sandukuni, sisi tusingeujua. Aliuachia ukanakiliwa kwa mkono nyumba hadi nyumba, lakini anayeunakili anabeba na jina, na anayepunguza ubeti hesabu inamuumbua. Hiyo ni isnadi iliyofumwa ndani ya nguo yenyewe. Jina lililoandikwa juu ya ujumbe hufutwa kwa kidole kimoja. Lililomo ndani ya vina, mwizi atalazimika kutunga ubeti mwingine, na angekuwa na uwezo huo asingeiba.

Kwa hadithi fupi, ambazo hazina kaditama, yaani ubeti wa kufungia shairi, tumia njia nyingine. Usifute rasimu zako. Daftari lenye mistari iliyokatwa na maneno yaliyobadilishwa ni shahidi ambaye mwizi hana mfano wake, na faili iliyomo kwenye simu inabeba tarehe. Msomeshe kwanza mtu mmoja au wawili unaowaamini. Weka mtandaoni sehemu ya hadithi, si yote, hasa ile unayotumaini kuipeleka kwenye shindano au kwa mchapishaji, kwa sababu wengi wao hawapokei kazi iliyokwisha kutangazwa. Na ujue sheria ya nchi iko upande wako: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ni yako tangu ulipoliandika neno, umri wako wote na miaka 50 baada yake. Kusajili kwenye Bodi ya Hakimiliki si sharti, ila kunakupa ushahidi. Ukikuta kazi yako imewekwa na mwingine, una haki ya kutaka itolewe, na kudai haki yako si ukorofi. Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, lakini katika aya hiyo hiyo amemtoa aliyedhulumiwa.

Lakini kuwa mwadilifu katika hofu yako pia. Wazo si milki ya mtu. Mwingine akiandika juu ya nahodha aliyepotelea baharini na mchumba anayemngoja Shela, hakukuibia, hata kama nawe unayo hadithi kama hiyo. Chako ni maneno yako na namna ulivyoyapanga.

Umeuliza kama kuyaweka ndani ni kuficha elimu. Onyo la kuficha elimu ni kwa mtu anayeulizwa jambo la dini ambalo watu wanalihitaji, akanyamaza. Shairi la harusi halimo humo. Una hiari: ukilitoa bure ni hisani, ukiliuza ni halali, ukilihifadhi huna dhambi. Na mtu akikuambia kwamba Imamu Shafi alitamani watu wajifunze elimu yake bila kumnasibishia hata herufi moja, mwambie kweli alisema, Mungu amrehemu. Ile ilikuwa sadaka ya Imamu mwenyewe, na sadaka hutolewa na mwenye mali. Mpita njia hana ruhusa ya kuitoa kwa niaba yake.

Limebaki la kupamba. Kabla hujamwita mtu mwizi, hakikisha. Maneno yanayopitishwa kutoka kundi hadi kundi huvuliwa jina njiani, na huenda yule bibi alipewa karatasi tupu akaambiwa asome, kisha akaona haya kuwakatiza waliompigia vigelegele. Tumeamrishwa tujiepushe na dhana nyingi. Mwendee, au umtume mama yako au shangazi, kwa maana haya mambo ya harusi wanawake wazima huyamaliza vizuri barazani kuliko sisi msikitini. Mwambie kwa upole: shairi lile nililitunga mimi, na rasimu yake hii hapa. Akikiri, mwombe awaambie wenziwe. Akikataa, umeshafikisha, na haki yako haikupotea mbele ya Mola wako. Kusamehe ni bora, na ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu, ila usilazimishwe na mtu kusamehe kabla hujasikilizwa.

Kisha lichukue shairi lile lile, lifungulie ubeti wa mwisho, tia jina lako, mtaa wako, mwaka na idadi ya beti, ulitume tena kwenye kundi lile lile la ukoo. Anza na hilo kabla ya hadithi. Na ukitunga kaditama yake, niletee nakala baada ya darsa la alasiri, nami nitaisoma.

Wallahu a‘lam.