Jibu: Fedha za kaunti kwa mafunzo ya vijana Lamu. Anzeni na kalenda, barua baadaye

Assalaam aleikum wana jukwaa. Mwanzisha uzi ameeleza kwamba kikundi chao Lamu kinataka kufanya siku tatu za mafunzo kwa vijana, uchongaji wa milango pamoja na historia ya mji, na kwamba barua waliyopeleka kaunti imejibiwa kwa maneno mawili: "hakuna kifungu," yaani hakuna fungu la bajeti la kulipia. Anauliza waandike vipi barua ya pili.

Ndugu yangu, barua ya pili itajibiwa vilevile. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inakataza pesa ya umma kugawiwa nje ya mipango iliyopitishwa. Afisa aliyewajibu huenda anaipenda shughuli yenu, lakini hana mahali pa kuiandikia. Kazi yenu ni kuiingiza shughuli kwenye vitabu vya kaunti kabla hamjaomba hata senti.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Tuseme mnataka mafunzo yafanyike Desemba 2027, ambayo iko ndani ya mwaka wa 2027/28. Rudini nyuma kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao maafisa wote wanauita ADP, lazima ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, 2026. Waraka wa bajeti unaoambia idara ziandae nini hutoka kufikia Agosti 30 hiyohiyo. Karatasi ya mkakati wa fedha, inayoweka ukomo wa kila idara, ni Februari 28, 2027. Makadirio hufika bungeni Aprili 30, na kupitishwa kufikia Juni 30. Kwa hiyo shughuli ya Desemba 2027 inaanza kupiganiwa miezi 15 kabla. Vikundi vingi hujitokeza kwenye vikao vya maoni ya wananchi Mei, wakati vijitabu vimeshachapishwa na kila shilingi ina mwenyewe. Ukiongeza kitu Mei, lazima kingine kipunguzwe, na hakuna idara itakayokubali kwa hiari.

Mwaka huo una jambo la ziada. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Bajeti itakuwa imepitishwa na bunge linaloondoka, na itatumiwa na mawaziri wa kaunti watakaoteuliwa baada ya uchaguzi, pengine na maafisa wakuu wapya. Ahadi ya mdomo ya MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) wa sasa haitavuka Agosti. Kitakachovuka ni mstari wa bajeti uliochapishwa. Hakikisheni pia mnapatana na mpango wa miaka mitano, CIDP ya 2023–2027. Tafuteni ndani yake sentensi inayotaja utamaduni, malikale au ujuzi wa vijana, muinukuu pamoja na nambari ya ukurasa kwenye maombi yenu. Afisa wa mipango anahitaji ukurasa huo kuliko anavyohitaji maelezo ya faida za uchongaji.

Sasa jina la shughuli, na hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Mkiita "mafunzo kwa wanafunzi wa sekondari", mmejifungia mlango. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Msimamizi wa Bajeti anauangalia mpaka huo kwa makini: Januari 2025 alitoa waraka uliozuia kaunti kulipa basari bila makubaliano kati ya serikali mbili, na mambo yakaishia mahakamani. Lakini Jedwali hilohilo limeipa kaunti shughuli za kitamaduni, maktaba, makumbusho na utalii wa ndani ya kaunti. Kwa hiyo andikeni "mafunzo ya ufundi wa asili na malikale ya Mji wa Kale kwa vijana wa miaka 15 hadi 24", chini ya idara ya utamaduni na utalii. Wanafunzi wataingia humo kama vijana. Hakuna ujanja katika hili. Shughuli yenyewe ni ya utamaduni, na Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001 kwa sababu, miongoni mwa mengine, ya ufundi huohuo mnaotaka kuufundisha.

Jambo la pili kuhusu jina: msikubali kuwekwa ndani ya fungu la "matamasha na maonyesho". Mafungu ya namna hiyo humezwa na tamasha kubwa la Novemba, yaani mashindano ya punda, majahazi, jukwaa, vipaza sauti na wageni waheshimiwa. Mimi sina neno na tamasha. Linajaza vyumba na mji unachangamka. Lakini mbio za punda zikipunguziwa pesa zitafanyika tu, na mafunzo yakipunguziwa pesa hufutwa, kwa kuwa hakuna mgeni wala kamera inayoyasubiri. Ombeni mstari wenu kwenye bajeti ya programu, wenye shabaha inayohesabika: "vijana 60 wamefunzwa, mafundi 6 wamehusishwa, wadi 10 zimewakilishwa." Lamu ina wadi 10, saba upande wa Lamu Magharibi na tatu Lamu Mashariki. Mkichukua vijana sita kila wadi mnapata 60, na kila MCA ana sababu ya kuulinda mstari huo siku ya kupiga kura. Mkileta vijana wa wadi za Mkomani na Shella peke yao, mmepoteza kura nane.

Kuna anayedhani hoteli za Shella zinalipa kodi ya utalii kwa kaunti na hivyo pesa ipo. Sivyo. Ile asilimia 2 ya mapato ghafi inakwenda Mfuko wa Utalii wa taifa, chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Kaunti hupata leseni za biashara, ada na mgao wake kutoka Hazina ya Kitaifa. Hoteli ziombeni vitu: vyumba vya wakufunzi, ukumbi, chakula cha siku moja. Mchango huo uandikwe kwenye safu yake, thamani na barua vikiambatishwa, na msimruhusu mfadhili wa pili kulipia kitu kilekile. Mkaguzi akikuta chakula cha siku ya pili kimelipwa na hoteli na pia na kaunti, atakayeitwa kujieleza ni afisa mkuu wa idara, na mwaka unaofuata hatataka hata kuwaona.

Karatasi ya gharama iwe ya kuhesabika. Ukiandika "chakula, laki mbili", itafyekwa. Andika watu, mara siku, mara bei. Vijana 60, mafundi 6, wasimamizi 8: watu 74, siku tatu, mlo wa mchana na chai mbili. Mbao: vipande 60 vya sentimita 30 kwa 20, unene wa sentimita 2.5, na vipande 12 vya akiba, maana anayeanza atapasua ubao siku ya kwanza. Mbao za mwembe zinatosha kujifunzia. Msaji na mbambakofi ni ghali, na ni ngumu kwa mkono usiozoea. Patasi: seti moja kwa vijana wawili, yaani seti 30, na mawe ya kunolea yasiyopungua sita. Vikundi husahau mawe. Kufikia adhuhuri patasi ni butu, vijana wanatumia nguvu badala ya makali, na hapo ndipo vidole vinapokatwa. Wekeni sanduku la huduma ya kwanza kwa kila kikundi cha kumi.

Bei zichukuliwe kwa ankara za makadirio kutoka wauzaji watatu, zenye tarehe. Kumbukeni ni bei za leo kwa shughuli ya Desemba 2027, kwa hiyo elezeni wazi mmeongeza asilimia ngapi na kwa nini.

Kuhusu malipo yenyewe. Msitegemee kaunti kuwatilia pesa kwenye akaunti ya kikundi. Njia ya kawaida ni kaunti kununua huduma: muuzaji wa chakula anapewa LSO (hati ya kuagiza huduma), muuzaji wa mbao LPO (hati ya kuagiza bidhaa), kisha wanadai. Kikundi chenu kinabaki mwandalizi mshirika, na hilo muliandike kwenye makubaliano ili lisije likaleta ugomvi. Vitu vidogo hulipwa kwa masurufu, yaani pesa ya matumizi anayokabidhiwa afisa wa idara. Kanuni za 2015 za fedha za umma za kaunti zinampa siku 7 za kazi kurudisha hesabu baada ya kurejea kituoni, la sivyo anakatwa mshahara. Mpeni risiti zake jioni ya kila siku. Afisa aliyekatwa mshahara kwa ajili ya risiti za kikundi hatashika tena masurufu yao.

Muuzaji lazima awe na PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), cheti halali cha kutimiza kodi na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA. Mafundi wazee mara nyingi hawana PIN inayofanya kazi wala akaunti ya benki. Shughulikieni hilo miezi mitatu kabla. Waelezeni pia mapema kuhusu kodi ya zuio: malipo ya mafunzo yakifika Sh 24,000 kwa mwezi, asilimia 5 hukatwa. Fundi aliyekubaliana Sh 30,000 atapokea 28,500. Asipoambiwa kabla, atadhani kikundi kimemla 1,500, na mzee akishavunjika moyo namna hiyo hampati tena, wala wenzake.

Na mchagueni muuzaji anayeweza kungoja. Kufikia Juni 2024 madeni ambayo kaunti zote 47 hazijawalipa wazabuni yalizidi Sh bilioni 170. Mgao kutoka Nairobi huchelewa, na robo ya Julai hadi Septemba ndiyo kavu zaidi. Juni nayo ni hatari, IFMIS (mfumo wa malipo wa serikali) inafungwa na kila idara inakimbizana. Mama mpishi wa mtaji mdogo akikopa kupika kwa watu 74 siku tatu halafu alipwe baada ya miezi minane, mmemfilisi. Mpeni chai, au kazi inayolipwa kwa masurufu, na chakula kikubwa kiende kwa mwenye uwezo.

Tarehe. Novemba iacheni. Mbali na tamasha, watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wako kwenye chumba cha mtihani. Aprili na Mei ni masika, na hoteli nyingi zimefungwa. Agosti kusi bado ina nguvu, na kwa boti za kutoka Kiunga hilo si jambo dogo. Chaguo langu ni wiki mbili za mwanzo za Desemba: shule zimefungwa, kaskazi imeanza, na wageni wa Krismasi bado hawajapandisha bei za vyumba na boti. Kabla ya kuandika tarehe, tazameni pia kalenda ya Kiislamu, kwa kuwa Ramadhani na Maulidi husogea siku kama 11 nyuma kila mwaka.

Kisha someni jedwali la maji. Vijana wa Faza wanapita mkondo wa Mkanda, na maji yakikupwa boti hazipiti. Ratiba ya "ufunguzi saa mbili asubuhi" iliyoandikwa ofisini bila kutazama bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) itawaacha vijana wa wadi tatu wakisubiri maji yajae huku waziri anahutubia viti vitupu. Mara nyingi inabidi wafike jana yake, na huo ni usiku mmoja wa malazi na chakula cha jioni kwa vijana 18 na walezi wao. Uwekeni kwenye bajeti tangu ADP. Boti ziwe na leseni ya mamlaka ya usafiri wa majini na jaketi la kuokolea kwa kila kichwa. Wa Witu, Hongwe na Mkunumbi wanafika Mokowe kwa gari, kwa hiyo wana nauli mbili, ya barabara na ya kuvuka. Ngome ya Lamu na ukumbi wake ni vya Makumbusho ya Kitaifa, si vya kaunti. Kibali kinaombwa huko, kwa barua tofauti. OCS, mkuu wa kituo cha polisi, naye apewe taarifa ya maandishi.

Kila karatasi mnayopeleka iwe nakala mbili, moja irudi na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Mkinyamaziwa, ombeni taarifa kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Afisa ana siku 21 kujibu. Ulizeni swali moja fupi: je, mstari huu umo kwenye makadirio yaliyopitishwa, na ni shilingi ngapi? Mkishajibiwa, msilale. Bajeti ya nyongeza, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inairuhusu chini ya kifungu cha 135, ndiko mistari midogo inakokatwa kimya kimya kufidia mishahara na mafuta. Mtu mmoja wa kikundi apewe kazi ya kufuatilia kila bajeti ya nyongeza inapowasilishwa na kwenda kwenye kikao cha kamati. Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, lililowekwa na kifungu cha 137 cha sheria hiyohiyo, lina viti vya wasio watumishi wa umma: wafanyabiashara, wanawake, wazee, walemavu, mashirika ya dini. Mjueni anayewakilisha watu wenu na mpeni karatasi ya ukurasa mmoja.

Baada ya shughuli, orodha ya mahudhurio iwe na wadi, umri na sahihi ya kila siku, siyo ya siku ya kwanza tu. Kwa walio chini ya miaka 18 chukueni ridhaa ya mzazi kabla ya kupiga picha na kuandika majina yao, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka hivyo. Ambatisheni picha za kazi zilizochongwa, nakala za risiti, na karatasi inayolinganisha shabaha na kilichofanyika, hata kama mlipata 52 badala ya 60, na sababu yake. Ripoti ifike idarani kabla ya mwisho wa Januari, ili iwe mezani wakati ukomo wa mwaka unaofuata unapowekwa Februari.