Fila ya midomo hukaa muda gani

Fila, yaani jeli inayodungwa chini ya ngozi ili kuijaza, midomoni hukaa miezi 6 hadi 12. Ukisikia miaka 2, hiyo ni ya mashavuni, tena kwa fila nzito. Mdomo haupumziki, unakula na kuongea kutwa, na asidi ya hayaluroniki, ambayo ndiyo fila ya kawaida ya midomo, huvunjwa na vimeng'enya vya mwili kidogo kidogo. Miezi 3 hadi 4 ni Botox, dawa nyingine kabisa ya kulegeza misuli, watu huzichanganya. Unene wa siku za mwanzo ni uvimbe, subiri wiki 2 ndipo uhukumu. Ila ngozi ikiwa nyeupe au ya madoa ya zambarau, na maumivu makali, rudi kwa daktari saa hiyohiyo: huenda mshipa umeziba, na hayaluronidezi, kimeng'enya anachodunga daktari, huyeyusha fila hiyo ya asidi ya hayaluroniki. Fila ya kalsiamu haiyeyushi.