Simu zinashika mtandao, kompyuta imekataa

Swali: Mhariri, hamjambo? Nina kompyuta ya mezani hapa Nyalenda, Kisumu, na hupata mtandao kwa waya kutoka kwenye ruta. Wiki jana jioni mvua ya radi ilinyesha, stima ikapotea. Iliporudi, kompyuta iliwaka vizuri lakini mtandao hauna. Simu za watoto zinatumia waifai ya ruta hiyo hiyo bila shida yoyote. Fundi anasema dawa ni kuweka Windows upya. Nimpe kazi hiyo?
*Baba Watatu, Nyalenda*

Jibu: Usimpe bado, mzee. Kama simu zinafungua kurasa, laini inayoingia nyumbani ni nzima na ruta inafanya kazi. Mahali pa kutafuta ubovu ni padogo: tundu la ruta, waya, tundu la kompyuta, halafu mipangilio. Windows ndiyo ya mwisho kushukiwa, na kuiweka upya kunaweza kukupotezea picha na kazi zako huku mtandao ukibaki vilevile.

Anza hivi. Zima kompyuta, chomoa waya wa stima ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili stima iliyobaki ndani iishe. Kuzima na kuwasha kwa kawaida hakutoshi, kwa sababu kwenye kompyuta nyingi za mezani kadi ya mtandao (kifaa cha ndani chenye tundu la waya wa mtandao) huendelea kupata stima hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi plagi iko ukutani. Kadi iliyoduwaa baada ya stima kurukaruka mara nyingi huzinduka kwa njia hii peke yake.

Ikikataa, inama uangalie nyuma ya kompyuta pale waya unapoingia. Tundu hilo kwa kawaida lina taa mbili ndogo. Ikiwa hakuna hata moja inayowaka, hamisha waya kwenye tundu jingine la ruta. Usichomeke kwenye lile lenye rangi tofauti lililoandikwa WAN. Hilo ni la kupokea laini kutoka nje. Bado giza? Azima waya mwingine unaojua ni mzima. Taa zikiwaka, mbovu ni waya wako. Zisipowaka hata kwa waya mzima na tundu jingine, karibu hakika radi imeua tundu la kompyuta. Hapo hakuna programu itakayolifufua, lakini huhitaji kompyuta mpya. Nunua kiunganishi cha mtandao cha USB, au kadi ya kuchomeka ndani ikiwa ubao mkuu wa kompyuta una nafasi, na kazi itaendelea.

Kabla ya kuutupa waya, tazama plagi zake kwenye mwanga. Plastiki yake inapenyeza macho. Utaona nyuzi nane, na kila moja lazima ifike mwisho kabisa chini ya jino lake la shaba. Ganda la nje la waya nalo liwe limebanwa ndani ya plagi. Likiwa limebaki nje, kila mvuto unazikuta nyuzi tupu. Shika plagi kilimi kikiwa chini na waya ukielekea kwako, usome kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili zifanane. Kuna waya nyingi mitaani zilizopangwa jozi kwa jozi, kijani ikikaa kando ya nyeupe-kijani kwa sababu inapendeza macho. Waya kama huo ukiwa wa mita mbili utafanya kazi. Ukiupitisha dirishani hadi chumba cha tatu, mtandao unakuwa wa kukatikakatika. Sababu ni kwamba jino la 3 na la 6 hutumia jozi moja iliyosokotwa pamoja, na msokoto huo ndio unaozuia nyuzi jirani kuingiliana.

Sasa tuseme taa zinawaka lakini mtandao hauna. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, bonyeza Enter, kisha andika `ipconfig`. Tafuta mstari unaoanza na IPv4. Namba ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Zima ruta dakika moja, iwashe, subiri taa zake zitulie, halafu andika `ipconfig /release`, na baada yake `ipconfig /renew`. Namba ikirudi ileile, rudi kwenye waya: uzi mmoja uliokatika nusu unaweza kuacha taa ikiwaka huku mazungumzo yakipotea.

Namba ikiwa ya kawaida, kwa mfano 192.168.1.5, soma mstari wenye neno Gateway; hiyo ndiyo anwani ya ruta. Andika `ping`, acha nafasi, andika anwani hiyo. Jibu la kweli lina muda pembeni, kama 1ms. Mstari unaosema unreachable si jibu, hata ukianza na neno Reply. Ruta ikijibu, jaribu `ping 8.8.8.8`, anwani ya Google iliyo nje ya nyumba yako. Nayo ikijibu ilhali kurasa hazifunguki, tatizo ni kutafsiri majina ya tovuti: andika `ipconfig /flushdns`, na isiposaidia weka 8.8.8.8 kama anwani ya DNS, yaani mtafsiri wa majina hayo, kwenye mipangilio ya kadi. Hakikisha pia hakuna proksi (kompyuta ya kati inayopitishiwa mtandao) iliyoachwa imewashwa kwenye mipangilio.

Na kwa kuwa mvua za radi hazijaisha upande wa ziwa, chomoa waya wa stima *na* wa mtandao mapema, kabla ngurumo hazijaanza. Kinga ya stima ukutani hulinda njia moja tu. Radi ikipitia kwenye waya wa mtandao, haikutani na kinga hiyo hata kidogo.

Swali: Kompyuta yangu niliinunua ikiwa imetumika. Waifai inaonyesha imeshika, lakini karibu kila tovuti inaniambia si salama. Nikichomoa plagi usiku, asubuhi saa na tarehe zimerudi nyuma miaka mingi. Ni virusi?
*Mama Shani, Nakuru*

Jibu: Si virusi, dada. Ni betri. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko miaka kumi iliyopita huona cheti ambacho bado hakijaanza kutumika, ikakikataa. Ndani kwenye ubao kuna betri bapa ya duara, CR2032, ya volti 3. Zima, chomoa stima, sukuma kilimi kidogo cha chuma kando yake na betri itaruka juu. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Baada ya kuwasha, weka tarehe sahihi na uchague majira ya Nairobi; ukichagua mengine, saa itakusumbua kila siku. Ikiwa ulikuwa umebadilisha mipangilio ya kuanzia kompyuta, irudie, maana betri ikifa nayo hufutika.

Swali: Tumewekewa ruta mpya. Simu inaliona jina lake, laputopu ya zamani hailioni kabisa.
*Mwalimu, Bungoma*

Jibu: Mwalimu, huenda ruta inatangaza jina hilo kwa gigahezi 5 pekee, na laputopu yako inasikia 2.4 tu. Hakikisha kwa kufungua `cmd` (kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, Enter) na kuandika `netsh wlan show drivers`. Ukiona 802.11b, g na n bila a wala ac, ambazo ni za gigahezi 5, ndivyo ilivyo. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, washa 2.4, ipe jina lake tofauti, weka chaneli ya 1, 6 au 11, na usalama wa WPA2. Mitambo mingi ya zamani haiijui WPA3, aina mpya zaidi ya usalama, na jina likionekana bila kukubali nenosiri sahihi, hapo ndipo pa kuangalia.