Aliyethibitisha kuwa kirusi cha homa ya ini B huleta saratani ya ini

Ni Palmer Beasley, si Blumberg. Blumberg aligundua kirusi chenyewe, akapata Nobel mwaka 1976. Beasley, daktari Mmarekani, ndiye aliyewafuatilia wanaume 22,707 watumishi wa serikali kule Taiwan. Ripoti yake ya 1981 katika jarida la Lancet huwa nawasomesha wanafunzi wangu wa uuguzi, na kila mara hapa wananyamaza: waliokufa kwa saratani ya ini walikuwa 41, na 40 kati yao walikuwa na kirusi hicho kwenye damu. Ila mwenye kirusi asikate tamaa, wengi hawapati saratani kabisa. Beasley pia alikuwa miongoni mwa walioonyesha kuwa mama humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, ndiyo maana inapiganiwa mtoto apate chanjo mapema vile, mara tu anapozaliwa.