Nilivyopata Mgao wa Cabernet ya Mlimani Nikiwa Nairobi

Wiki iliyopita ile familia ninayonunua mvinyo kwao kule Stellenbosch, Afrika Kusini, ilinitumia barua ya mgao wa mwaka huu, ile inayokwambia umetengewa chupa ngapi. Wameniongezea chupa. Shamba lao liko kwenye mteremko wa Simonsberg, Cabernet wanayotoa, mvinyo mwekundu wa zabibu ya jina hilo, ni mapipa machache tu kwa mwaka, na wanaoitaka ni wengi kuliko chupa zilizopo. Nimefurahi na sifichi. Tangu niwaonyeshe ile barua, wengi mmeniuliza nilipitia kwa nani. Sikupitia kwa mtu.

Mara ya kwanza niliionja nikiwa Cape Town kwa semina ya kazi. Mwenyeji wetu alitupandisha barabara ya Helshoogte, ile inayotoka Stellenbosch kuelekea Pniel, akatusimamisha kati ya mizabibu. Udongo wa pale ni graniti iliyomomonyoka, hauna rutuba nyingi, na upepo wa kusini-mashariki unapanda kutoka ghuba ya False Bay ukipoza majani. Mzabibu ukihangaika hivyo huzaa zabibu ndogo zenye ganda nene, na rangi, harufu na ukakasi wa Cabernet kwa sehemu kubwa hutoka kwenye ganda. Aliyekula zambarau utotoni anaujua ukakasi huo, ulimi unakauka lakini mkono unarudi kuchuma nyingine. Cabernet huchelewa kuiva. Zabibu nyingine nyingi huvunwa mapema zaidi, yeye mara nyingi husubiri Machi. Kisha hulala kwenye mapipa ya mwaloni mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Pipa la kawaida ni lita 225, yaani chupa 300. Familia ikikwambia imejaza mapipa kumi, fanya hesabu mwenyewe: chupa 3,000 kwa dunia nzima. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hawa watu hawatangazi.

Niliporudi Nairobi nikaitafuta. Duka moja la vileo, sitalitaja, walikuwa nayo, ikiwa imesimamishwa rafu ya juu chini ya taa kali, karibu na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Nililipa. Nyumbani nilipobandua ile karatasi ya shingoni nikakuta kizibo kimesukumwa juu na mvinyo umevuja ukakaukia pembeni. Ulikuwa na ladha ya jemu iliyoungua, dalili ya mvinyo uliopikwa na joto. Nilirudi nayo siku iliyofuata, risiti mkononi. Yule muuzaji hata hakuinusa. "Mama," akaniambia mbele ya wateja, "labda wewe umezoea waini tamu."

Mimi ni binti wa mwalimu kutoka Kangundo. Kila shilingi niliyoweka pale kaunta naijua ilikotoka. Maneno yale bado yananiuma, na sioni haya kusema kwamba yalinisukuma kuliko kiu yoyote. Jioni ile ile niliwaandikia wenye shamba.

Sasa hapa ndipo ushauri wenyewe unapoanza. Andika wewe mwenyewe, kwa jina lako. Eleza uliionja wapi, ilikuwa ya mwaka gani, ulipenda nini, na unataka chupa ngapi. Usiombe kupunguziwa bei. Kiwanda kikubwa kina idara ya mauzo. Familia ndogo ina mama anayesoma barua baada ya chakula cha jioni, na anatambua upesi nani anataka mvinyo na nani anataka kujionyesha. Mimi nilijibiwa na mama mwenye shamba, si karani. Alinipa chupa chache sana mwaka ule wa kwanza. Nilizichukua zote, nikashukuru kwa maandishi. Mwaka uliofuata nikazichukua zote tena.

Kuna jambo ambalo wengi wenu hamtapenda kulisikia: nunua hata mwaka mbaya. Rasi ya Magharibi, jimbo la shamba hilo, ilikumbwa na ukame mkali kati ya 2015 na 2018, hadi jiji la Cape Town likakaribia kufunga mifereji. Mavuno yalipungua na wanunuzi wakaanza kuchagua miaka kama wanaochagua nyanya sokoni. Kisha ikaja 2020. Mwishoni mwa Machi serikali ya Afrika Kusini ikapiga marufuku uuzaji wa vileo kwa sababu ya korona, na kwa wiki kadhaa hata kusafirisha mvinyo nje ya nchi kukazuiwa. Wateja wengi walinyamaza. Mimi nilituma malipo yangu kama kawaida na kuwaambia wazihifadhi chupa kwao hadi ndege zirudi. Sikufanya hivyo kwa hesabu. Nilijua tu kwamba zabibu hazingoji serikali na vibarua wanataka kulipwa. Yule mama hakusahau. Chupa nilizoongezewa wiki jana, mizizi yake iko mwaka ule.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Nairobi, tuambiane ukweli. Wengi tunataka chupa ya picha. Wengine mnapewa mgao leo, kesho mnaiuza Kilimani kwa bei mara tatu, halafu mwakani mnashangaa barua haiji. Hizi familia zinajuana na wanunuzi wao, na chupa iliyouzwa tena huacha nyayo. Ukipewa, kunywa na watu wako. Ukipewa kidogo, chukua hicho kidogo. Nunua kila mwaka.

Wanaopenda ya Marekani zaidi, utaratibu ni ule ule. Ukitaka ya mlimani kule Napa, bonde la mvinyo la California, tafuta Howell Mountain, eneo linaloanza futi 1,400 kwenda juu, yaani kama mita 427, ambako mizabibu hukaa juu ya ukungu wa bondeni. Familia ya Dunn ilitoa Cabernet yake ya kwanza huko kwa mavuno ya 1979, na sifa yake ni kwamba ni ngumu ikiwa changa, yaani ukakasi wake ni mkali hadi ikae miaka. Someni lebo pia. Kule Marekani, chupa ikiandikwa Cabernet inatosha iwe na asilimia 75 ya zabibu hiyo. Afrika Kusini wanataka 85, na shingoni kuna stika ya uthibitisho yenye namba.

Kuhusu forodha, sheria ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mtu mzima kuingia na lita mbili za mvinyo bila ushuru. Chupa mbili ni lita moja na nusu, uko salama; ya tatu inakupitisha, kwa hiyo itangaze ulipie. Ukisafiri na mwenzako, kila mmoja ana zake. Anayetaka katoni nzima aagize kupitia mwagizaji mwenye leseni, na ajiandae kwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16 juu yake. Na chupa yoyote unayouziwa dukani hapa lazima iwe na stempu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Iskani kwa programu yao ya simu, Soma Label, kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikasirika, ondoka.

Ikifika nyumbani, ilaze ubavu ili kizibo kisikauke. Baridi ya Nairobi ni rafiki yetu, wa Mombasa wana kazi zaidi, lakini hata hapa usiiweke juu ya friji wala jikoni. Yangu iko kabati la chini, chumba kisichopata jua la mchana, na za miaka ya karibuni sizigusi bado. Ukishindwa kusubiri, basi imimine kwenye jagi mapema, muda wa saa mbili kabla mbuzi hajatoka kwenye makaa, na umwombe mwenye kuchoma asitoe mafuta yote, kwa sababu mafuta hayo ndiyo yanayoulainisha ukakasi.