Swali la lugha: Kujenga uwezo, kujengea uwezo, na taksi ya shangazi

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Moshi. Ofisini nimepewa andiko la mradi nilitafsiri, na mkuu wangu amelipatia kichwa hiki: 'Kujenga uwezo wa taksonomia ya spishi katika nchi zinazoendelea.' Nilimsomea shangazi yangu anayeuza mboga soko la Mbuyuni, akaniuliza hiyo taksi inaelekea wapi. Nilicheka, lakini tangu siku hiyo sina raha na kichwa chenyewe. Tuseme taksonomia au uainishaji? Spishi au aina? Na ni kujenga uwezo au kujengea uwezo?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpe shangazi salamu zangu, na mwambie taksi yake imenifurahisha kuliko andiko zima. Naanza na swali lako la mwisho, maana hayo mengine kamusi inaweza kukusaidia, hili haiwezi.

Kitenzi "jenga" kinaridhika na kitu kimoja. Unajenga nyumba, unajenga hoja, unajenga uwezo, basi. Hakuna atakayekuuliza nyumba ya nani. "Jengea" ni kauli ya kutendea, nayo haitulii mpaka umtaje anayetendewa: umemjengea mama nyumba, umewajengea vijana uwezo. Kwa hiyo kichwa cha mkuu wako hakina kosa la sarufi. Kinachokosekana ni watu. Uwezo unajengwa pale kama ukuta wa uwanja wa umma, kila mtu anaupita, hakuna mwenye nao. Taasisi ikijisemea yenyewe, "tunajenga uwezo wetu", hapo "jenga" imekaa mahali pake. Lakini mradi unaotumia fedha kwa ajili ya watu fulani unatakiwa useme "kuwajengea", na kiambishi hicho cha "wa" usikidondoshe. Siku hizi naona mabango ya "warsha ya kujengea uwezo wakaguzi". Wakaguzi ni watu wanaojulikana, kwa hiyo ni "kuwajengea wakaguzi uwezo". Bila "wa" sentensi inachechemea.

Hapa Arusha neno hili tunalisikia mno. Mji wa mikutano huu. Mtu akitoka pale Kituo cha Mikutano cha Kimataifa na mkoba mpya begani, ukimuuliza alikuwa wapi, anakujibu "nilikuwa najengewa uwezo", na nusu ya wasikilizaji wanaelewa kwamba amesaini posho na kula kuku. Sarufi yake ni safi kabisa, kauli ya kutendewa imekaa sawasawa. Sasa umuulize uwezo wa kufanya nini.

Hilo ndilo swali la kumuuliza mkuu wako, kwa sababu "taksonomia", yaani elimu ya kuvitambua viumbe, kuvipanga na kuvipa majina, kwa Kiswahili imefunika kazi kadhaa kwa shuka moja. Neno lenyewe ni halali. Mwanabotania Augustin Pyramus de Candolle alilitunga kwa Kifaransa mwaka 1813 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mpangilio na kanuni, nasi tumelipokea kama tulivyopokea biolojia na jiografia. Ukiandikia wataalamu, litumie bila aibu. Ila mwandishi wa Kiswahili ana vitenzi vyake, na kila kimoja kina kazi yake.

Kutambua ni kuuchukua mmea usioujua na kusema: huu ni ule ambao tayari una jina. Kubainisha ni kuonyesha kinachoutenga na jirani yake anayefanana naye, labda manyoya chini ya jani au idadi ya mbegu. Kuainisha, kunakotokana na "aina", ni kuupanga pamoja na ndugu zake. Na kuna kupa jina, kazi ambayo hufanywa mara moja tu kwa kila spishi, mbele ya dunia nzima, kwa maandishi. Watu wengi huchanganya ainisha na bainisha kwa sababu ya mlio. Tazama mfano wa kipunji, yule kima wa misitu ya Rungwe ambaye Wanyakyusa walimjua kwa jina hilo kabla ya wanasayansi. Mwaka 2005 alipewa jina la kisayansi na kuwekwa kwenye jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, ya Lophocebus. Baadaye mnyama mmoja alipatikana amekufa kwenye mtego wa mkulima, akachunguzwa, na mwaka 2006 wakamhamishia jenasi mpya, Rungwecebus. Hakubainishwa upya, wala hakutambuliwa upya, maana alikuwa ni yuleyule. Aliainishwa upya. Jina lake la nyumbani, kipunji, halikuguswa: Rungwecebus kipunji.

Ukitaka kuona kazi hizi kwa macho, panda daladala ya Ngaramtoni. Huko ndiko iliko Hebaria ya Taifa, na hebaria ni ghala la mimea iliyokaushwa. Mmea hulazwa kati ya kurasa za gazeti, ukabanwa kwa mbao mbili na mikanda hadi unyevu uishe, kisha hushikizwa kwenye karatasi ngumu. Pembeni mwa karatasi kuna lebo: nani aliuchuma, lini, wapi, mwinuko gani kutoka usawa wa bahari, na ua lilikuwa la rangi gani, kwa kuwa rangi hupotea likikauka. Lebo nyingi zina pia mstari wa jina la kienyeji. Huo mstari ndio kazi yangu na yako, na mara nyingi huachwa wazi kwa sababu mchumaji hakumuuliza mwenye shamba.

Ni kwa namna hiyo pia utaelewa kwa nini nchi zetu zinatajwa katika andiko lako. Viumbe viko huku kwa wingi, na makabati yenye sampuli zake za kwanza, zile ambazo majina yamefungwa kwazo, kwa kiasi kikubwa yako ng'ambo. Mimea mingi iliyochumwa Usambara na Kilimanjaro wakati wa Wajerumani ilipelekwa Berlin, na mwezi Machi 1943 mabomu yakateketeza sehemu kubwa ya hebaria ya huko. Wataalamu wakabaki kutafuta nakala katika miji mingine. Kazi ya kuandika mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, ikiratibiwa kutoka bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, na ina spishi zaidi ya 12,000. Miaka 60! Mtoto aliyezaliwa siku ya kijitabu cha kwanza alikuwa amekaribia kustaafu kilipotoka cha mwisho. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa Bayoanuwai, yaani wa utajiri wa viumbe hai, uliotiwa saini Rio mwaka 1992, zililiona pengo hili, zikaanzisha mwaka 1998 mpango maalumu wa taksonomia na mwaka 2002 zikaupitishia ratiba ya kazi. Katika nyaraka zao utakutana na msemo ambao mimi ningeufasiri "kikwazo cha utambuzi": uhaba wa watu, vitabu na sampuli unaozuia nchi isijue ina nini. Usiuandike "kikwazo cha taksonomia", kwa maana msomaji ataelewa kuwa taksonomia ndiyo inayozuia.

Sasa spishi na aina. Hapa shangazi yako ni mtaalamu kutuzidi sote wawili.

"Aina" ni neno la watu wote, nalo linanyumbuka kama mpira. Mshare wa Kibosho na matoke ya Bukoba ni aina mbili za ndizi, na mtu wa Moshi akipewa mtori wa matoke atakula kwa adabu tu. Lakini mwanabotania anazirudisha ndizi zote mbili kwenye ukoo wa spishi moja ya mwituni, Musa acuminata. Aina mbili, asili moja. Kisha geuza upande wa pili. Juzi nilikuwa soko la Kilombero, hapa Arusha, kununua mnafu. Mama muuzaji alikuwa na mafungu matatu kwenye gunia moja. Moja lilikuwa na majani mapana, laini, na vitunda vya zambarau iliyokolea karibu na weusi. La pili majani yake madogo, na vitunda vya rangi ya chungwa. La tatu sikuliona vizuri, wateja walikuwa wamelivamia. Nikamuuliza tofauti. Akasema, "Huu baba hauna uchungu, watoto wanakula. Huu ni ule wa asili, mchungu, wazee ndio wanaoutaka." Jina? "Yote mnafu."

Kwa jina moja la sokoni kuna spishi zaidi ya moja. Ule wa majani mapana ni Solanum scabrum, ule wa vitunda vya chungwa ni Solanum villosum. Na kwa miaka mingi maandiko mengi ya kilimo yaliitupa yote kwenye Solanum nigrum, ambayo ni mmea mwingine wenye asili ya Ulaya na Asia. Kwa hiyo mtu aliyesoma chuo alikosea pale ambapo mama wa Kilombero alikuwa ameshabainisha, kwa ulimi. Alichokosa mama ni istilahi tu. Ndiyo maana nasema: katika andiko lako tumia "spishi" pale unapomaanisha kiumbe chenye jina lake la kisayansi, na "aina" uwaachie wakulima na wapishi, ambao wanaihitaji zaidi.

Kuchanganya hivyo viwili kunaweza kuleta njaa. Mzee yeyote mkulima wa huku anawajua viwavijeshi, wale wanaotembea kwa makundi na kufyeka majani na mahindi. Ni Spodoptera exempta. Mwaka 2016 ikaripotiwa barani Afrika, na mwaka uliofuata ikawa hapa Tanzania, spishi nyingine kutoka Amerika, Spodoptera frugiperda, ambayo hujificha ndani ya moyo wa muhindi na hata kwenye gunzi. Wangeitwa wote viwavijeshi, mkulima angewasubiri shambani kwa dawa na saa zilezile za wale wa zamani. Kiswahili kikaongeza neno moja: viwavijeshi vamizi. Wajuzi wa ngeli wataguna kwamba kiwavi ana uhai, basi ingekuwa "wavamizi". Niliguna pia. Lakini "vamizi" imeshaganda kuwa istilahi, tunasema mimea vamizi, spishi vamizi, na istilahi ikishaganda huipasui kwa rungu la upatanisho.

Tazama pia jinsi neno hilo lilivyokaa: nomino mbele, sifa nyuma. Majina ya kisayansi tangu Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi aliyeuweka mtindo huo kwa mimea mwaka 1753, yamepangwa vivyo hivyo: jenasi kwanza, kisha neno linaloipambanua. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, yaani Dalbergia ya mti mweusi. Mswahili hahitaji kupindua kichwa ili kulielewa jina la Kilatini. Yaandike kama yalivyo, kwa herufi mlazo, jenasi kwa herufi kubwa na neno la pili kwa ndogo, na usijaribu kuyaswahilisha.

Upatanisho wa "spishi" wenyewe ni wa I-ZI, hata unapozungumzia wanyama. Spishi hii imetoweka, spishi hizi zimetoweka. Kipunji amechunguzwa, kwa sababu yeye ni mnyama. Spishi ya kipunji imechunguzwa, kwa sababu spishi ni wazo. Na ukishuka kwenye ngazi za uainishaji utakutana na himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi. Ndiyo, ngeli. Wapo wanaoandika kwamba mamalia ni ngeli, neno lilelile lililotutesa darasani na M-WA na KI-VI. Sioni ubaya. Sarufi yetu imekuwa ikiwapanga viumbe muda mrefu: mti wa mchungwa kwenye ngeli moja, tunda lake chungwa kwenye nyingine, na kifaru, ijapokuwa ana "ki" kichwani, tumemtoa kwenye viti na vikombe tukampeleka kwa watu.

"Nchi zinazoendelea" iache ilivyo, imezoeleka.

Kichwa chako basi kisomeke: "Kuwajengea wataalamu wa nchi zinazoendelea uwezo wa kuzitambua, kuziainisha na kuzipa majina spishi." Ni kirefu, najua, mkuu wako atanung'unika. Akisema si wataalamu tu, mradi ni wa wakaguzi wa mimea wa mipakani Holili na Namanga pia, au wa watunza sampuli, au wa wakulima, furahi, maana "wa" imeshaanza kufanya kazi yake: mwandike kila mmoja mahali pake. Neno "taksonomia" liweke ndani, aya ya kwanza, ulifafanue mara moja.

Halafu ukipata nafasi ya kuja Arusha, mwambie shangazi akufungie mnafu wa vitunda vya chungwa, ule mchungu. Wa Kilombero ulikuwa umekwisha nilipomaliza maswali yangu.