Mzee aliyewasubiri kunguru

Wiki hii mmeuliza: nani kazini alikufundisha kitu ambacho hukufundishwa kwingine? Wangu ni mzee mmoja mwigizaji. Jina nalihifadhi, wanawe hawajanituma.

Kuanzia 2009 nilikuwa mtu wa sauti kwenye filamu za Bongo, zile za DVD, sehemu ya kwanza na ya pili, unazinunua mbali mbali. Tulikuwa tunashuti filamu nzima kwa siku kumi kwenye nyumba ya kuazima, Sinza au Mbezi. Skripti mara nyingi karatasi mbili: fulani anafumaniwa, wanagombana, mama analia. Maneno mwigizaji anayatoa kichwani, na sini ikirudiwa yanakuja mengine. Mhariri akishindwa kuunganisha, anayetukanwa ni mimi.

Halafu kuna kunguru. Anayekaa Dar anawajua. Ukivaa hedifoni, kunguru aliye juu ya mnazi unamsikia kama amekukalia begani. Siku hiyo fundi wa mageti jirani tulishampa hela azime mashine yake, jenereta tukaisogeza nyuma ya choo. Kunguru utampa nini?

Mzee anacheza baba aliyegundua mwanawe kauza kiwanja cha familia. Vijana wetu wakisikia "eksheni" tu, wanafoka. Yeye kimya. Anazungusha baraghashia mkononi, taratibu. Dairekta keshaanza kununa. Mimi peke yangu ndiye nasikia: juu kelele za kunguru, chini pumzi ya mzee, haina haraka. Anawasubiri. Walipotulia akasema, kama mtu anayeomba maji:

"Na kaburi la mama yako umeliuza?"

Kijana akasahau maneno yote. Kunguru mmoja akaanza tena. Mzee hakungoja "kata", akainua macho juu: "Unaona? Hata huyu anakuuliza."

Hatukurudia. Jioni nilimfuata, akaniambia yeye ametoka jukwaani, enzi ambazo majeshi na mashirika ya umma yalikuwa na vikundi vyao vya ngoma na maigizo. Maiki hakuna, watoto wanalia, mvua inapiga bati. Usiposikiliza ukumbi, alisema, utaongea na ukuta. Tangu hapo kabla ya kurekodi nakaa kwanza nasikiliza mahali. Wenzangu wananiona mvivu.

Kwa sini ile alilipwa pungufu kuliko binti aliyecheza hausigeli, kwa kuwa sura ya binti ndiyo iliyokaa kwenye kava. Hakulalamika. Nililalamika mimi, na filamu iliyofuata sikuitwa.

Tulikutana tena 2012. Jumamosi ya tarehe 7 Aprili tulikuwa tumeshafunga taa, habari zikaingia kwamba Steven Kanumba, nyota kijana wa filamu zetu, amefariki usiku. Kazi ikafa hapo hapo. Simu zinaita, wasichana wamekaa chini kwenye kokoto wanalia na mekapu zao. Sikukumbuka kuzima mashine, na mzee alikuwa bado na maiki kifuani. Nikamsikia anasema peke yake, "Miaka ishirini na nane." Mara mbili. Kisha akaichomoa mwenyewe, akaukunja waya wake vizuri kama nilivyomwonyesha, akaniletea.